SAFARI YA MLIMA HUPANGWA KWA SAA YA KURUDI

Jioni moja baada ya sala ya alasiri, vijana wanne walinijia barazani, hapa Mombasa, na karatasi mkononi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, wanangu." Wakanieleza kuwa wao na wenzao wa chuoni wanakusudia kwenda bara likizo ya Aprili: wapande Longonot, waingie korongo la Hell's Gate, kisha wamalizie Menengai, Nakuru. Walitaka niitazame mipango yao kabla ya kuipeleka kwa wazazi.

Nikaisoma. Nauli imo, chakula kimo, hata jina la atakayesoma dua limo. Saa ya kutoka imeandikwa, na saa ya kufika kileleni pia. Nikawauliza, "Na saa ya kurudi i wapi?" Wakatazamana.

Hapo ndipo nilipoona yafaa niliandike jambo hili kwa faida ya wasomaji wengine.

SI JAMBO GENI

Wako wadhanio kuwa kupanda milima ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Mwaka 1883, Joseph Thomson wa Uskochi alipopita Bonde la Ufa na kupanda Longonot, wapagazi wake walikuwa wamekusanywa Unguja, na katika nchi ya Wamasai aliandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, aliyezijua njia zile kabla yake. Wazee wale hawakutoka kwa kubahatisha. Walijua maji yako wapi, nani wa kuulizwa njia, na nani wa kulipwa hongo ili wapite kwa amani.

MVUA YA MBALI

Jambo la kwanza nililowakatalia ni Aprili, mwezi wa masika. Korongo la Hell's Gate, yaani Lango la Jahannamu, ni jembamba, kuta zake ni ndefu, na aliyelichonga ni maji. Mtu aweza kuwa humo ndani, juu yake mbingu ni nyeupe, kumbe mvua imekwisha kunyesha huko asikokuona, na maji yako njiani. Aprili 2012 watu saba wa kikundi cha vijana wa kanisa walichukuliwa na mafuriko humo wakafa. Septemba 2019 wakafa tena watu saba namna hiyo hiyo. Sisi watu wa bahari twajua kulitazama wimbi likija; hili halina dalili mpaka limefika. Basi mkiona wingu upande wowote, au askari wa mbuga akasema hapana, ni hapana. Kurudi si aibu.

Kijana mmoja akasema, "Mzee, si tutamtegemea Mungu?" Nikamkumbusha kisa cha bedui na ngamia wake, alichokisoma mwenyewe chuoni: kwanza kamba, kisha tawakali.

HESABU YA SAA

Longonot ina urefu wa meta 2,776. Toka langoni hadi ukingo wa shimo lake ni mwendo wa kilomita tatu za kupanda, na kuuzunguka ukingo ni kilomita saba na ushei. Ukijumlisha na kushuka, ni zaidi ya kilomita 13, kazi ya saa nne hadi tano kwa mtu mzima wa afya. Mpwani na aongeze, kwani kifua kilichozoea usawa wa bahari huchoka upesi huko juu. Mji wa Nakuru wenyewe u karibu meta 1,850. Afadhali mtu apumzike siku moja kwanza, ndipo apande.

Aanze saa moja ya asubuhi. Ikifika saa sita naye hajafika kileleni, na ageuke. Jua huchwa karibu saa kumi na mbili u nusu, na kiza cha huko hakibishi hodi.

Menengai ni kinyume chake. Pale mtu hufika ukingoni kwanza, kwenye meta 2,278, akaliona shimo la kilomita 12 kwa 8 liko chini yake, kina chake karibu meta 485. Kuteremka ni rahisi. Taabu ya kupanda yamngoja mwisho, nguvu zimekwisha na maji yamepungua. Huko usiende bila mwenyeji aijuaye njia, maana mawe ya volkano yafanana kila upande.

MAJI, IBADA NA MAVAZI

Kila mtu achukue lita tatu za maji, na tende hazina uzito. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala na kuzikusanya. Ikiwa maji yaliyobaki ni ya kunywa tu, atayamamu. Vumbi la Longonot latosha na kubaki. Kibla nacho kina tofauti kidogo: Mombasa twaelekea kaskazini karibu sawasawa, bali Nakuru huinama kidogo upande wa mashariki.

Champali ziachwe nyumbani. Vivaliwe viatu vya kufunga vyenye meno. Sweta ni lazima, kwani asubuhi za huko zina baridi ya kutetemesha. Dada zetu waweza kupanda na stara yao kamili, ilimradi nguo isiburure chini.

KARATASI YA PILI

Baada ya wiki mbili vijana walirudi na karatasi nyingine. Safari imesogezwa mwisho wa Disemba, vuli ikiisha. Korongo wamelifuta, labda mwaka mwingine. Wataanza kwa kulala Nakuru, na kila siku ina saa yake ya kugeuka, imepigiwa mstari.

Wakaniambia kuwa mama wa mmoja wao aliipokea ile karatasi, hakuuliza nauli wala chakula. Aliuliza, "Mtarudi saa ngapi?" Wakamwonyesha. Naye akatoa ruhusa.