Kisaju, Shusha Kifua Chini

Wasee wa Kisaju, mkingoja tangazo la jeshi letu, KDF, kuandika watu litoke kwa gazeti ndio muanze tizi, mmechelewa. Kutoka tangazo hadi siku ya kuandikwa huwa ni wiki chache, na kifua hakijengwi na wiki chache. Ndio maana nawapenda hawa mayut wanaorauka giza ikiwa bado, wanakimbia kando ya barabara ya Namanga kuelekea Isinya, halafu wanashuka kwa nyasi kutwanga presapu.

Shida naona ni kufukuzia namba. Msee anashow mbogi amepiga mia, na kifua hakijakaribia chini hata mara moja. Afande akisimama juu yako, hizo hazihesabu. Mwili unyooke kutoka kisogo mpaka kisigino, tumbo ulikaze, viwiko visitawanyike kando. Kwa test ya jeshi la Marekani iliyoanza rasmi 2022, ilibidi ulaze kifua chote chini, uinue mikono itoke ardhini, ndio urudi juu. Jaribuni hiyo. Kumi za hivyo kwa udongo mweusi wa hapa ni tizi noma kuliko hamsini za nusu.

Na usizimalize zote asubuhi. Kama ishirini safi ndio mwisho wako, piga kumi ukiamka, kumi ukitoka mjengo, kumi kabla ya kulala. Misuli ikichoka kabisa mgongo unabonyea, na mwili unazoea hiyo style mbaya. Siku moja kwa wiki pumzika tu.

Msosi nao usiuchezee. Kuna wasee wanakimbia mpaka wanaisha, na siku ya kuandikwa kuna mizani: boy anatakiwa asipungue kilo 54.55, dem kilo 50. Madondo, omena, mayai, maziwa. Madem, hii tizi ni yenu pia. Kile kikosi cha KDF cha wanawake peke yao kilivunjwa 1999, sasa mko ndani ya jeshi moja na maboy.

Kitu inaniuma ni mathe kuuza ng'ombe ndio apee msee fulani doo "aongee na mkubwa". KDF hutangaza kila mara kuandikwa ni bure, na ukipatikana na barua feki ya kuitwa unashikwa. Hiyo ng'ombe ibaki boma, ikupee maziwa ya tizi mpaka siku utaitwa kuripoti training Eldoret.