Je, Wajua? Seva Chini ya Meza Yako!

Sogea karibu! Seva ni kompyuta tu, ila kazi yake ni kukaa macho usiku na mchana ikizihudumia kompyuta na simu nyingine. Wako watu kila pembe ya dunia wanaoiweka nyumbani kwa mapenzi tu, wakaijaza picha za familia, muziki na filamu. Haya, shika!

Je, wajua kwamba seva ya kwanza ya wavuti duniani ilikuwa kompyuta ya mezani ya mtu mmoja? Tim Berners-Lee aliiendesha mwaka 1990 katika kituo cha CERN, Geneva, akaibandika onyo kwa wino mwekundu: hii ni seva, usiizime! Mtu angechomoa waya wake wa umeme, wavuti wa dunia nzima ungezimika.

Hii je? Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliielekezea kamera birika lao la kahawa, wajue kama lina kitu bila kunyanyuka kitini. Mwaka 1993 picha zikaingia kwenye wavuti, dunia nzima ikawa inalichungulia. Mwaka 2001 birika hilo likapigwa mnada kwa zaidi ya pauni 3,000!

Google nayo ilianza na vya kuchezea. Mwaka 1996, Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford, walipanga diski 10 za gigabaiti 4 kila moja ndani ya kasha la matofali ya plastiki ya watoto. Jumla gigabaiti 40! Flashi unayoifunga kwenye funguo zako huenda inaishinda.

Na diski yenyewe? Ile ya kwanza kabisa, ya IBM, mwaka 1956, ilikuja na mashine yenye uzito wa zaidi ya tani moja, ikahifadhi herufi milioni 5. Leo kadi ya memori ya terabaiti 1 haifiki hata gramu moja, na inahifadhi mara 200,000 ya hizo!

Nyosha kiganja chako. Kompyuta nzima inaenea hapo! Raspberry Pi ilianza kuuzwa Uingereza tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35, ikiwa na urefu wa milimita 85 na upana wa 56. Mwishoni mwa 2015 mbili kati yake zikapelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 juu ya vichwa vyetu, zikaendesha programu zilizoandikwa na watoto wa shule.

Unaogopa umeme? Piga hesabu nami. Kompyuta ndogo inayokula wati 5, ikiwaka mwezi mzima bila kupumzika, inamaliza uniti 3.6 tu za LUKU. Pasi ya wati 1,000 inazimaliza uniti hizo hizo kwa saa tatu na nusu hivi!

Mwaka 1991, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki aliutangazia ulimwengu kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta, kwa kujifurahisha tu. Huyo ni Linus Torvalds, na mfumo ni Linux. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinautumia, na wewe unaupata bure!

Mwafrika wa kwanza kufika angani, je, wamjua? Ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, mwaka 2002. Miaka miwili baadaye akaleta Ubuntu, Linux inayopendwa sana na wenye seva za nyumbani. Miaka ile ukiomba CD, unatumiwa kwa posta, hata stempu hulipi!

Windows 95 na 98 zilikuwa na kasoro ya ajabu: kompyuta ikiwaka siku 49.7 mfululizo, inakwama. Sasa sikia hii: kuna seva iliyowashwa mwaka 1996 ikafanya kazi hadi 2013 bila kuzimwa. Zaidi ya miaka 16!

Chungulia anwani ya ruta yako, kile kifaa kinachokugawia intaneti nyumbani. Huenda inaanza na 192.168, na ya jirani yako vilevile! Anwani 65,536 za kundi hilo zilitengwa kwa matumizi ya ndani, na kwa kuwa hazitoki nje ya nyumba, mamilioni ya nyumba zinazitumia bila kugongana.

Ila mlango wa nje ufunge vizuri. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kompyuta moja inaweza kubisha hodi kwenye anwani karibu zote za intaneti, takriban bilioni 4, kwa dakika chini ya 45. Seva yako imo humo humo, kwa hiyo weka nenosiri refu!

Mwaka 2009, karibu na Durban, Afrika Kusini, njiwa aitwaye Winston alishindanishwa na intaneti. Alibeba gigabaiti 4 umbali wa kilomita 80, na hata ukijumlisha muda wa kuzihamishia kwenye kompyuta, kazi iliisha kwa saa mbili na dakika chache. Intaneti ilikuwa imefikisha asilimia 4! Ndani ya nyumba yako, waya wa gigabiti 1 kwa sekunde unamaliza mzigo huo kwa chini ya dakika moja.

Wikipedia nzima ya Kiingereza, pamoja na picha, ni takriban gigabaiti 100. Kwa programu ya Kiwix, kompyuta ya kiganjani inaigawa kwa Wi-Fi darasa zima, bila intaneti hata chembe. Ya Kiswahili, iliyoanza 2003, inaingia humo humo na nafasi inabaki!

Nasi tumo! Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa Kenya mwaka 2008. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Ni huria: pakua, weka kwenye seva yako.

Na laptopu kuukuu je? Betri yake ikiwa bado nzima, umeme ukikatika inaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Basi ile iliyolala juu ya kabati usiiuze. Iwashe leo!