TAHADHARI KWA WANAOTUMIA KOMPYUTA ZA KULIPIA KARIAKOO

Wananchi wa Unguja na Pemba, hususan wafanyabiashara wanaovuka bahari kwenda kununua bidhaa Kariakoo, Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, wanatahadharishwa juu ya hatari ya kufungua akaunti za benki na barua pepe katika kompyuta zisizo zao.

Hatari yenyewe ni kinasa vibonye. Hii ni programu, au kifaa kidogo kinachochomekwa baina ya waya wa kibodi na kompyuta, ambayo huhifadhi kwa siri kila herufi na tarakimu inayobonyezwa. Aliyeitega husoma baadaye jina, neno la siri na namba ya kadi. Mjini New York, mwaka 2003, mtu mmoja alikiri mahakamani kuwa alitega programu ya namna hiyo katika kompyuta za kulipia, akajipatia majina na maneno ya siri zaidi ya 450.

Wengi hujiliwaza kwa alama ya kufuli ambayo vivinjari vingi huionesha juu ya ukurasa wa benki. Ieleweke kwamba kufuli hilo hulinda taarifa zikiwa njiani tu. Kinasa vibonye huzichukua kwenye kibodi, kabla hazijafumbwa na kuanza safari. Urefu wa neno la siri nao haufui dafu, kwani refu na fupi hunaswa sawasawa.

Kwa hiyo, wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Shughuli za fedha zifanywe kwa kifaa cha mwenyewe.

(b) Kompyuta iliyokwisha kutumika, ikinunuliwa, ifutwe yote na kuwekewa mfumo mpya kabla ya kutumiwa.

(c) Programu zichukuliwe kwa watengenezaji wake, si nakala za kughushi, na kinga ya virusi isasishwe. Kinga hiyo haikioni kifaa kilichochomekwa; nyuma ya kompyuta pakaguliwe kwa macho.

(d) Akaunti ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili, ili neno la siri pekee lisitoshe kuzifungua.

(e) Aliyelazimika kutumia kompyuta ya kulipia abadilishe neno la siri siku hiyo hiyo, kwa kifaa chake.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Tanzania Bara na Zanzibar, inakataza kunasa mawasiliano ya mtu bila ya idhini. Mwenye shaka aiarifu benki yake mara moja, kisha kituo cha Polisi kilicho karibu. Asingoje hadi arejee kwa boti. Mwizi wa namna hii hahitaji kuvuka bahari.