Kituo kimoja, wenyeji wanne: nani atalipa mazuti?

Ndugu wasomi, samaki mdogo tunayemuita ndakala huku Uvira anaitwa ndagala kule Bujumbura, dagaa kule Kigoma, na kapenta akifika Mpulungu. Ni samaki yuleyule, na haombi viza. Lakini wenye kumchunguza, kila mmoja anakaa ku mwambao wake. Sisi tuko na Centre de Recherche en Hydrobiologie pa Uvira, Watanzania wako na TAFIRI ku Kigoma, Warundi wako na universite yao, na Wazambia wako na watu wao wa uvuvi ku Mpulungu.

Ndiyo maana kila mwaka vijana wenye kumaliza biolojia wanauliza: kwa nini tusijenge kituo kimoja cha utafiti cha pamoja? Swali ni zuri. Kwa kulijibu, tuangalie kwanza wale wa bahari, juu wao walianza zamani.

Mwaka 1872, Mjerumani mmoja, Anton Dohrn, alianzisha Stazione Zoologica mu mji wa Naples, Italia, kwa kuchunguza viumbe vya bahari. Dohrn alikuwa na shida ya kila kituo: kujenga ni mara moja, kuendesha ni kila mwezi. Akatafuta ujanja, akakodisha meza. Serikali au universite ililipa pesa ya mwaka, na kwa pesa ile ikapata haki ya kutuma mtafiti wake. Huyo alikuta nafasi ya kazi, wanyama waliovuliwa baharini, dawa za labo na maktaba. Hakuna mtu aliyemwambia achunguze nini. Tena, wenye kupita mjini walilipa kuingia kutazama samaki katika matangi, na pesa ile pia ilisaidia nyumba.

Mfano wa pili ni Moss Landing, Marekani. Mwaka 1966, vyuo kadhaa vya California State University vilikubaliana kuwa na labo moja ya bahari, badala ya kila chuo kuwa na kake kadogo. Chuo kimoja, San José, ndicho kinachosimamia utawala. Mwanafunzi anafanya kazi pale ufukweni, lakini diploma inatoka ku chuo chake mwenyewe. Mwaka 1989 tetemeko la ardhi liliharibu jengo kabisa, na jengo jipya lilifunguliwa 2000. Miaka zaidi ya kumi bila nyumba yao, na labo haikufa! Kilichoishikilia ni mapatano, si kuta.

Hapo ndipo tunaona mpango unaanzia wapi. Kabla ya simenti, washirika wanapaswa kujibu maswali matano, tena kwa maandishi.

Kwanza, nani anashika ufunguo? Wakubwa wanne wenye nguvu sawa ni sawa na hakuna mkubwa. Mmoja asimamie, wengine wamkague.

Pili, nani analipa mazuti ya motere, mshahara wa mlinzi, na dawa za labo mwaka wa sita, wakati mfadhili amekwisha kurudi kwao? Na tugawane namna gani? Congo iko na karibu asilimia 45 ya ziwa Tanganyika, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Tukilipa kwa ukubwa wa maji, je, na sauti katika kikao itapimwa hivyo? Afadhali watu wagombane juu ya hiyo mapema kuliko baadaye.

Tatu, vipimo ni vya nani? Udongo na maji vikienda kupimwa Ulaya, nakala ya majibu irudi ku mwambao, na jina la mtafiti wa hapa liwe juu ya kazi.

Ine, mwanafunzi wa Bukavu akifanya memware yake ku Kigoma, chuo chake kitaitambua?

Tano, mshirika mmoja akijitoa, ao vita ikifunga njia, vyombo na madaftari vinabaki wapi?

Swali hili la mwisho si maneno tu kwetu sisi. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto na chakula cha samaki kimepungua, juu maji ya chini, yenye mbolea, hayachanganyiki tena vizuri na ya juu. Waliweza kuona hiyo kwa sababu kulikuwa na vipimo vya joto vya tangu 1913 vya kulinganisha. Mtu alipima, akaandika, daftari likabaki. Mwaka usiopimwa haurudi tena, hata mfadhili akileta mamilioni. Na mama mwenye kuuza ndakala hawezi kujua kama samaki wamepungua kwa joto ao kwa nyavu, ikiwa sisi wenye diploma hatujui.

Hatuanzii ku zero. Mkataba wa nchi zote nne juu ya ziwa ulitiwa sahihi Dar es Salaam 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iko na makao yake Bujumbura. Mlango upo.

Kwa hiyo, wandugu, jengo linaweza kungoja. Kituo cha pamoja kinaweza kuanza na daftari moja: pande zote nne wapime siku moja, saa moja, kwa chombo cha aina moja, kwa kina kimoja, na kila upande ubakie na nakala. Bila hiyo, namba za Uvira na za Kigoma haziwezi kujumlishwa, hata wenyewe wakae chini ya paa moja. Washirika wakishindwa daftari, jengo halitawaponya. Wakiliweza miaka mitatu bila kukosa hata mwezi, hapo waite fundi.