Nyama ya Kusaga: Kuiva Nje si Kuiva Ndani

Nyama ya kusaga haikosekani katika shughuli za Iddi na walima. Wengine huifinyanga kilo nzima kama mkate, wakaichoma taratibu kwa moshi wa mkaa. Ni chakula kitamu, lakini kinahitaji uangalifu.

Kwa nini? Nyama ikiwa kipande kizima, vijidudu vingi hukaa juu yake, na moto huviua upesi. Ikisagwa, vile vya juu huchanganyika hadi katikati, ambako moto huchelewa kufika. Wapo wanaodhani kuwa nyama iliyochinjwa kisheria imesalimika. La hasha! Uhalali ni jambo moja, vijidudu ni jambo jingine. Bakteria aina ya E. coli O157:H7 huishi tumboni mwa ng'ombe mwenye afya, na huweza kuingia kwenye nyama wakati wa kuchuna na kutoa matumbo.

Mwishoni mwa 1992 na mwanzoni mwa 1993, watu zaidi ya 700 waliugua nchini Marekani kutokana na nyama ya kusaga isiyoiva vizuri. Watoto wanne walifariki. Bakteria huyu huharisha damu, na kwa watoto wadogo huweza kuharibu figo.

Basi fanya hivi:

1. Osha mikono kwa sabuni kabla na baada ya kushika nyama mbichi. Sinia la nyama mbichi lisipakuliwe nyama iliyoiva kabla ya kuoshwa.

2. Subiri mkaa ushike vizuri na kufunikwa na majivu, kisha usogeze upande mmoja wa jiko. Weka nyama upande wa pili juu ya sinia, ili mafuta yasidondokee makaa, kisha funika ukiacha upenyo wa hewa. Kwa moshi tumia vipande vikavu vya mpera, kamwe si plastiki wala mbao zilizopakwa rangi.

3. Usiharakishe. Kilo moja huweza kuchukua saa mbili au zaidi. Rangi isikudanganye: moshi huweza kuiacha nyama iliyoiva ikiwa nyekundu, na nyama nyingine hugeuka rangi kabla haijaiva. Kipimajoto kikichomekwa katikati kisome nyuzi 71 za Selsiasi. Asiye nacho asifinyange bonge. Atengeneze kababu nyembamba, azigeuzegeuze mpaka ziive kabisa.

4. Jiko likae nje. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa wamelala. Usiingize ndani hata makaa yanayoelekea kuzimika.

5. Kilichobaki kisikae nje zaidi ya saa mbili; kukiwa na joto kali, saa moja tu.

Mgeni na mtoto hula walichowekewa bila kuuliza. Usalama wao ni amana mikononi mwa mpishi.