Chungu asiye na jina katika matandazo ya migomba

MASHA, Isingiro – Lori la matoke likisimama hapa Masha kuongeza mzigo, mikungu hutandikiwa majani makavu ya mgomba ili isichubuke njiani. Pamoja na majani hayo hupanda abiria ambao hawamo katika hesabu ya mtu yeyote. Ni chungu wadogo, weusi na wa hudhurungi, wanaokimbia juu ya mikono ya wapakiaji. Vibarua hukung'uta mikono na kazi huendelea. Mzigo utafika Mbarara au Kampala, au utashuka Kikagati na kuvuka Kagera hadi Murongo upande wa Tanzania, na hakuna atakayeuliza chungu wale ni akina nani.

Kuna watu waliouliza. Si mbali na hapa, katika wilaya ya Ntungamo, watafiti wa migomba walichunguza chungu wanaoishi katika matandazo na ndani ya vigogo vinavyooza. Sababu ilikuwa ya kibiashara kabisa. Fukusi wa migomba, ambaye Waganda humwita kayovu, hutaga mayai kwenye shina, na funza wake hutoboa mpaka mgomba unaanguka kabla mkungu haujakomaa. Kila mnunuzi wa matoke amewahi kuambiwa na mkulima kwamba msimu huu mzigo ni mdogo kwa sababu ya mdudu. Watafiti walitaka kujua kama miongoni mwa chungu wa shambani wamo wanaokula mayai na funza wa fukusi.

Mwaka 2008 walichapisha majaribio waliyofanya Uganda kwa aina mbili za chungu. Aina moja ilikuwa na jina kamili, Odontomachus troglodytes, chungu mrefu mwenye taya zinazofunga kama mtego. Nyingine iliandikwa Pheidole, aina ya 2, basi. Jenasi ilijulikana, spishi haikuwa na jina. Ni kama kupeleka mzigo mpakani na karatasi iliyoandikwa “nafaka, gunia la pili”. Ofisa wa forodha atakuuliza: nafaka gani?

Swali hilo si la wasomi tu. Mkulima wa Kyerwa au wa Burundi akitaka kujua kama rafiki huyo wa migomba yuko na kwake, atamtafuta kwa jina gani? Mtafiti wa nchi nyingine atajuaje kwamba aina yake ya 5 si ileile aina ya 2 ya Ntungamo?

Lugha zetu hazisaidii sana hapo, ingawa zina utajiri wake. Pale Nakivale, kambi iliyoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, msafara wa siafu ukipita sokoni utasikia majina manne kwa pumzi moja: siafu, ensanafu kwa Muganda, empazi kwa Mnyankore, intozi kwa Mnyarwanda. Wote wanamjua maana anauma. Lakini wale wadogo wa chini ya majani makavu wote ni sisimizi au chungu, yamekwisha. Na mchwa, tunayemchanganya nao kila siku, si ndugu yao hata kidogo. Yeye na kumbikumbi wake wako karibu zaidi na mende.

Kumpa chungu mmoja jina ni kazi ndefu. Mfano mzuri uko Kakamega, magharibi mwa Kenya. Msitu ule ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha msitu mkubwa wa mvua wa Kongo, uliowahi kufika huko kupitia Uganda. Orodha ya chungu wake iliyochapishwa mwaka 2009 ilikuwa na spishi 288, katika msitu ambao kwenye ramani ya Afrika Mashariki ni doa dogo tu.

Chungu wa aina hii hawapatikani kwa kutembea na kuangalia. Mtafiti hupima mita moja ya mraba ya ardhi ya msitu, hukusanya majani yote yaliyooza, huyachekecha kwenye chekeche lenye matundu makubwa, na kile kinachopita hukitia ndani ya mfuko wa wavu. Mfuko huo huning'inizwa ndani ya gunia la kitambaa lenye kikombe cha spiriti chini. Kadiri majani yanavyokauka, kwa siku mbili tatu, wadudu huhangaika kutafuta unyevu na kuanguka kikombeni. Mama anayepepeta mchele pale Base Camp angeielewa kazi hii bila mwalimu.

Katika majani ya Kakamega walipatikana chungu wachache wa jenasi Zasphinctus. Hawa huonekana mara chache sana, kwa kuwa huishi udongoni na chini ya majani na huwinda chungu wenzao. Ni jamaa wa siafu, wa familia-ndogo moja, ila hawaandamani barabarani kwa maelfu ili kila mtu awaone. Alama yao ni tumbo lililobanwa kati ya pingili na pingili, kama mtu aliyejifunga mikanda mitatu.

Baada ya kupatikana ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Chungu hugandishwa kwenye ncha ya kikaratasi cha pembetatu kilichochomwa kwa pini, na chini yake huwekwa lebo ya mahali, tarehe na jina la aliyemkamata. Chungu bila lebo ni takataka, hata awe adimu namna gani. Kisha hupimwa chini ya darubini, urefu wa kichwa, upana wake, urefu wa kipapasio, kwa sehemu za mia za milimita. Vipimo hulinganishwa na vya spishi zilizokwisha kuelezwa, ambazo vielelezo vyake vingi vya kwanza viko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, wala si Nairobi au Kampala. Hapo mtafiti wa Kiafrika hulazimika kuomba picha au nauli. Binafsi naona hilo ni deni ambalo bado hatujadai ipasavyo.

Kwa Zasphinctus, Francisco Hita Garcia na wenzake wa taasisi ya sayansi na teknolojia ya Okinawa, Japani, waliongeza kifaa cha eksirei kinachopiga picha za ndani ya mdudu na kumjenga upya kwenye kompyuta, hata ukaweza kumgeuza na kumkata bila kumgusa. Mwaka 2017 walitangaza spishi tatu mpya za Afrika. Moja waliipa jina la mwanabaiolojia E. O. Wilson, ya pili la Ken Saro-Wiwa, mtetezi wa mazingira wa Nigeria aliyenyongwa mwaka 1995. Yule wa Kakamega akawa Zasphinctus obamai, kwa heshima ya Barack Obama, kwa sababu msitu huo hauko mbali na kijiji cha ukoo wake. Kielelezo kimoja huteuliwa kuwa shahidi wa jina. Yeyote atakayebisha kesho atakwenda kumtazama huyo.

Sasa twende kwenye fedha, kwa kuwa najua swali linalozunguka sokoni: ni kweli kuna watu wananunua chungu hai? Ni kweli. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na chungu wapatao 5,000, wengi wao malkia, ndani ya mirija 2,244 yenye pamba. Raia wa Vietnam na Mkenya mmoja nao walishtakiwa kwa chungu zaidi ya 400. Habari zilipofika huku, wengine walisema siafu, wengine mchwa. Hakuwa huyu wala yule. Aliyetajwa zaidi ni Messor cephalotes, chungu mkubwa wa mbugani anayevuna mbegu za nyasi. Huko Ulaya malkia mmoja aliripotiwa kuuzwa hadi pauni 170, kwa watu wanaofuga chungu nyumbani kama wengine wanavyofuga samaki.

Tarehe 7 Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu wote wanne faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Wabelgiji walijitetea kwamba hawakujua ni kosa. Mdudu huyo hakuwa hata kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, lakini sheria ya wanyamapori ya Kenya ilitosha. Uganda nayo ina sheria yake ya mwaka 2019, na vibali vya kutumia wanyamapori viko mikononi mwa UWA. Kwa hiyo mtu akikufuata Masha au Mutukula na kukuahidi bei nzuri kwa malkia wa chungu ndani ya chupa, muulize kwanza kibali kiko wapi. Malkia akiondoka kabla ya kuanzisha kichuguu, kizazi chake chote kimeondoka naye.

Picha haihitaji kuuza mdudu. Mkulima anayetaka kujua chungu wa matandazo yake ampige picha tatu kwa simu, ya ubavuni, ya juu, na ya kichwa kutoka mbele, aandike mahali na tarehe, na kama ni Pheidole ahakikishe amempata mdogo na yule mwenye kichwa kikubwa, maana wote wawili wanahitajika. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara ndicho chenye taasisi ya misitu ya kitropiki kule Bwindi, iliyoanzishwa mwaka 1991. Kutoka Masha hadi Mbarara ni safari fupi kwa lori la matoke.