Mshipa wa Moyo Unapoziba Penye Njia Panda: Stenti Moja au Mbili?

Mkazi wa Mpanda anayehitaji kuzibuliwa mishipa ya moyo bila kupasuliwa kifua husafiri mbali, hadi hospitali kama Benjamin Mkapa ya Dodoma au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) ya Dar es Salaam. Huko daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au paja, hutanua palipoziba kwa puto na kuacha stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachouweka mshipa wazi.

Kazi huwa ngumu zaidi mafuta yanapoganda mahali mshipa unapogawanyika, kwa kuwa stenti ya mshipa mkuu huweza kuyasukuma mafuta hayo hadi yakabana mdomo wa tawi.

Njia inayotangulizwa kwa wagonjwa wengi ni kuweka stenti moja kwenye mshipa mkuu. Tawi huangaliwa baadaye. Likibanwa hutanuliwa kwa puto, na stenti ya pili huwekwa pale tu damu inaposhindwa kupita vizuri. Njia nyingine huandaa stenti mbili tangu mwanzo. Hii hufaa zaidi tawi likiwa kubwa na ugonjwa umeingia mbali ndani yake, lakini huchukua muda mrefu, hutumia dawa nyingi zaidi ya kuonesha mishipa kwenye picha, dawa ambayo huweza kuathiri figo, na huhitaji mkono uliozoea.

Tafiti hazikubaliani kikamilifu. Utafiti wa DKCRUSH-V wa mwaka 2017, uliohusu wagonjwa 482 wenye tatizo kwenye shina la mshipa wa kushoto, ulionesha kuwa ndani ya mwaka mmoja matatizo ya sehemu iliyotibiwa yaliwapata asilimia 5.0 ya waliowekewa stenti mbili kwa mbinu maalumu, dhidi ya asilimia 10.7 ya walioanza na moja. Utafiti wa Ulaya wa EBC MAIN, wa mwaka 2021 na wagonjwa 467, haukuonesha faida hiyo. Hivyo stenti mbili si tiba bora kwa sababu tu ni nyingi.

Kwa mgonjwa anayerejea Katavi, hatari kubwa ni kukatiza dawa. Aspirini na klopidogreli huzuia damu kuganda ndani ya stenti. Kwa kawaida hutumika pamoja kwa miezi 6, au 12 baada ya shambulio la moyo. Kabla ya kuondoka hospitalini, mgonjwa apewe maandishi yanayoeleza idadi ya stenti, zilipowekwa na muda wa kutumia kila dawa, ayakabidhi kwa daktari wa Mpanda. Dawa zikikaribia kwisha, atafute nyingine mapema.